Sufuria la Bi Kalunde Kwenye Tuta la Godegode

Sebuleni kwangu, hapa Makutupora, kuna msumari mtupu ukutani, juu kidogo ya redio. Wageni huniuliza kwa nini siung'oi, au kwa nini situndiki hata kalenda. Nawajibu kwamba hapo ni mahali pa diploma yangu ya ujenzi na matunzo ya njia ya reli, niliyoipata India, na kwamba kwa sasa diploma yenyewe ipo Tabora. Wanacheka, wakidhani uzee umeanza kunichezea. Haujaanza. Nyinyi vijana mliokuja kuniuliza habari za reli ya zamani, mliofika kutoka Dar kwa treni ya umeme kabla chai ya chupa haijapoa, kaeni niwaeleze ilifikaje huko. Lakini mtanivumilia nijisifu kidogo, maana waliokuwa wakinisifu wengi wamekwisha kutangulia, na kazi hiyo wameniachia mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Buigiri, wa nyumba ya mbuzi na mtama. Reli niliianza kama kibarua wa kuvunja kokoto pale Gulwe, nyundo mkononi na gunia kichwani kama kofia. Jioni nikasoma kwa kibatari, nikafanya mitihani, nikafaulu, nikapata nafasi ya kwenda India. Baadhi ya niliokwenda nao walionja maisha ya huko wakasahau njia ya nyumbani. Mimi nikarudi. Nilirudi miaka ile ya ruksa, wakati maduka ya Dodoma yalipoanza tena kuwa na sabuni, na mitumba ikamwagwa sokoni kama karanga. Nilishuka stesheni na sanduku la bati, suti moja, redio ya kaseti na diploma. Redio iliibwa, suti ikanibana. Diploma haikuibwa wala haikunibana.

Niliporudishwa Gulwe kuwa mkaguzi wa njia, watu wa genge, kikosi cha kutengeneza njia, wakanibandika jina: Diploma. Walidhani wananikejeli. Kila wakiniita naitika, "Naam," tena kwa sauti, mpaka kejeli yenyewe ikachoka ikageuka jina. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, aliniita hivyo akitaka kitu.

Mnyapara wa genge langu alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo mwenzangu, mfupi, mwenye masikio makubwa ambayo nadhani alizaliwa nayo kwa ajili ya kazi. Alikuwa akipiga reli kwa nyundo ndogo, anainama kusikiliza, kisha anasema, "Hapa taruma limeoza," na ubao huo unaolazwa chini ya reli ukifukuliwa umeoza kweli. Watu hupenda kusimulia kwamba mzee kama huyo alimfundisha msomi. Alinifundisha, sikatai. Alinifundisha kunusa, nami nikamfundisha kwa nini anachokinusa kinanuka. Tulikuwa tumetoshana.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza, ambalo halimo vitabuni. Mvua ya kanda hii inayokulowesha siyo inayokuharibia. Utasimama kwenye njia jua linakuchoma kisogo, huku mvua ilikwisha kunyesha jana kwenye milima ya Mpwapwa, na maji yapo njiani yanakuja. Makorongo yetu mwaka mzima ni mchanga mkavu, ng'ombe wanalala humo. Kisha unasikia mlio kama wa lori zito linalopanda mlima, na ukiuliza "Lori gani hilo?" umekwisha kuchelewa. Alikuja kijana mmoja kutoka Dar kutusaidia kupima madaraja, akaona mchanga wa korongo ni laini, akapiga hema lake pale pale. Ndahani akamwambia ahame. Akasema mawingu hayapo. Maji yalimpitia mchana kweupe, yakachukua hema, buti na sufuria ya uji. Tulimkuta juu ya mwembe, amevaa chupi na saa ya mkononi. Nikamuuliza ni saa ngapi. Alinijibu vizuri tu. Siku hizi ni mkubwa mahali fulani, na tukikutana ananisalimia kwa heshima, nami simkumbushi.

Jambo la pili: tuta la reli ni kama mgonjwa, halisemi linaumwa wapi mpaka ulichunguze miguuni. Usitazame juu kwenye kokoto, shuka chini. Maji yanayochuruzika chini ya tuta yakiwa meupe, endelea na safari yako. Yakianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue yanatoka na udongo wa ndani. Tazama nguzo za simu, zikianza kuinamiana kama walevi wanaonong'onezana, kilima kinatembea. Na nyufa. Ardhi yetu hupasuka kwa jua, kwa hiyo mgeni huogopa kila ufa au huzoea yote. Ufa unaokatiza njia mara nyingi ni wa jua. Ufa mrefu unaokwenda sambamba na reli, huo ndio wa kumfanya mtu aache kula.

Huo ndio niliouona siku ya Bi Kalunde.

Ilikuwa masika mabaya. Treni ya abiria ilikuwa imetoka Dar kwenda Tabora na kwingine huko bara, ikapita Godegode, na kabla ya kufika Gulwe ikakuta mlima umemwaga tope juu ya reli. Dereva akasimama salama mbele ya tope, na hilo nampongeza. Tatizo ni mahali aliposimama: juu ya tuta refu, mto Kinyasungwe umefura upande mmoja, mlima upande wa pili. Sisi tulitoka Gulwe kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, mimi, Ndahani na genge zima, tukafika upande wa pili wa tope, tukalivuka kwa miguu tukizama hadi magotini. Nyuma yetu ilikuwa inakuja treni tupu kutoka Dodoma, ili abiria wavuke tope kwa miguu na kuendelea na safari. Ndivyo tulivyofanya kila njia ilipokatika: treni mbili zinatazamana, na watu wanatembea katikati na mizigo yao.

Nikashuka chini ya tuta kama nilivyowaambia. Maji yalikuwa chai ya maziwa. Nikapanda, nikatembea kando ya mabehewa. Chini ya behewa la pili kutoka kwenye kichwa, behewa la daraja la tatu lililojaa mpaka milangoni, palikuwa na ufa sambamba na reli. Niliingiza kidole, nikaingiza mkono, kisha nikaingiza mpini wa sururu, ukazama.

Gadi wa treni alikuwa Salum, mtu wa Dodoma mjini, wa zile familia za kibiashara zilizokuja na misafara. Ni mtu mpole mwenye kanzu safi hata katikati ya tope. Dereva naye akaja. Akasema, "Mkaguzi, mimi narudisha treni Godegode sasa hivi. Watu wakae tu."

"Ukirudi nyuma," nikamwambia, "kichwa chako, ambacho ni kizito kuliko kila kitu hapa, kitapita juu ya ufa huu. Na kitakuwa kinatikisa."

"Sasa tufanye nini?"

"Treni ibaki. Watu washuke. Tuta likienda na behewa tupu, tumepoteza chuma. Likienda na hawa waliomo, mimi sitarudi nyumbani kula."

Dereva akanitazama kama mtu anayetaka kubishana, akatazama mpini wa sururu, akaacha. Salum akapanda behewa kwa behewa kutangaza. Akarudi jasho linamtoka.

"Hawashuki," akasema.

"Umewaambia tuta linakatika?"

"Nimewaambia. Wanasema mwezi uliopita waliambiwa hivyo hivyo, wakashuka, na kule mbele wakakuta viti vimekwisha kukaliwa, wakasafiri wamesimama mpaka Kigoma. Kuna mama mmoja ameniambia, baba, ondoa tope lako, mimi kiti hiki nimekigombania tangu Dar."

Msiwacheke. Nyinyi mnakata tiketi yenye namba ya kiti kwenye simu. Daraja la tatu la wakati ule, kiti kilikuwa ni chako kwa sababu ulikuwa umekikalia. Watu waliingia kwa madirisha, wakatupa vikoi na watoto ili washike nafasi. Mtu aliyepata kiti Dar alikuwa ameshinda vita, na wewe unamwambia aache ushindi wake kwa sababu ya ufa asiouona. Ningekuwa mimi, nisingeshuka pia.

Nikaenda mwenyewe. Nilipokaribia lile behewa nikasikia wanachozungumza, na nikatabasamu. Kilikuwa Kinyamwezi.

Hapa lazima niwaambie, maana baadhi yenu mmekulia mjini. Sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Tangu wazee wao walipokuwa wakipita nchi yetu na mizigo ya misafara, nasi tukiwatoza hongo ya njia kabla ya kuwaruhusu kuchota maji, ugomvi ule uligeuka utani, na utani una sheria zake. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akikuchukulia kitu chako, huruhusiwi kukasirika wala kwenda polisi. Unamfuata, mnatupiana maneno, unakikomboa. Ukikasirika umewaaibisha mpaka waliokufa.

Nikapanda, nikasimama mlangoni na buti zangu za tope. "Mbukwenyi," nikasema, salamu ya kwetu, kwa sauti ya kutosha.

Vichwa vikageuka. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka karibu na dirisha: "Alaa, kumbe ni Mgogo. Shikeni vikapu, amekuja kuomba."

Behewa zima likacheka. Nilimwona. Mama wa makamo, mnene kiasi, kanga mbili, na mapajani amekumbatia sufuria kubwa jipya la Kariakoo, lile la kupikia wali wa shughuli, linang'aa kama kioo. Baadaye nilijua anaitwa Bi Kalunde, na sufuria lilikuwa la harusi ya binti yake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Sina kitu, mtani. Pita mbele ukajaribu bahati."

"Siombi. Leo nadai. Mmekwisha kuingia Ugogo, na hongo ya njia hamjalipa. Babu zenu walipita hapa na meno ya ndovu ya watu wengine mabegani, wakalipa kwanza ndipo wakanywa maji."

"Babu zetu walipita kwa miguu. Sisi tumekata tiketi."

"Tiketi ni ya gari. Ardhi ni ya babu yangu."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Mlipe tu, Kalunde, hawa wakinyimwa wanalala mlangoni." Kicheko kingine. Na katikati ya kicheko hicho nikainama, nikalinyanyua sufuria kutoka mapajani mwake, nikageuka, nikashuka nalo.

"Wewe," akasema. "Wewe Mgogo. Weka chini."

"Nifuate ulikomboe," nikajibu bila kugeuka.

Nikachomoa spana kiunoni, nikaanza kulipiga lile sufuria kama ngoma, nikitembea kuelekea kwenye tope. Ndahani, ambaye hakuhitaji kuelezwa jambo mara mbili, akaanza kuimba ule wimbo tunaonyanyulia reli, na genge likaitikia. Nilisikia nyuma yangu nyayo nzito na sauti ya Bi Kalunde: "Mwizi wa masufuria. Nyumbani kwako mnapikia nini, kofia?" Alikuwa ameshuka. Na kama mnavyojua, hakuna anayekubali kuhadithiwa mchezo wa watani. Wakamfuata kumi, wakafuata wengine. Aliyeshuka alishuka na mzigo wake, kwa kuwa hakuna mtu wa daraja la tatu anayemwachia jirani kikapu. Mabehewa mengine waliposikia ngoma wakatoa vichwa madirishani, wakauliza kuna nini, wakajibiwa, "Mgogo amempora Mnyamwezi sufuria," wakashuka nao. Wazee na wajawazito genge liliwabeba mgongoni, na Salum akawa anawapokea watoto kwa madirisha, kanzu haitamaniki tena.

Akanipita na mtoto begani, akasema kwa sauti ya chini, "Diploma, haya ndiyo uliyosomea India?"

"India walinifundisha ufa," nikamwambia. "Haya ni ya nyumbani."

Nilipiga sufuria mpaka katikati ya tope, na Bi Kalunde nyuma yangu, ndala mkononi, akinieleza ukoo wangu wote. Salum alipopunga bendera kuonyesha kwamba mabehewa yote yamebaki matupu, nikasimama, nikageuka. Nilitaka kumrudishia sufuria na kumwomba radhi.

Hapo ndipo tuta lilipokwenda. Haikuwa kishindo kama mnavyofikiri. Lilikaa chini taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti ya mbele kwanza. Reli zikabaki hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na lile behewa la pili likainamia mtoni, likalala ubavu, madirisha yakaanza kunywa maji. Wimbo ulikatika wenyewe.

Bi Kalunde alikuwa amesimama kando yangu. Akalinyooshea behewa ndala. "Kiti changu kilikuwa upande gani?" akauliza.

"Upande ule wa chini."

Akavaa ndala zake kwenye tope, polepole, moja baada ya nyingine. "Lete sufuria langu," akasema. Nikampa. Akaligeuza, akaona spana ilivyolifanya. "Umelibonyeza. Hili ni la harusi."

"Wali utaiva tu, mama."

"Wali utaiva. Lakini zamu yangu itakuja, mtani. Unaitwa nani?"

Kabla sijajibu, genge zima likajibu: "Diploma."

Abiria wote walivuka, wakaingia treni ya Dodoma, na bila shaka wakagombania viti upya; nilisikia kelele zao nikafurahi, maana ni kelele za watu walio hai. Sisi tukabaki kujenga njia. Tulipanga mataruma makuukuu yakikatizana kama kuni za tanuri la matofali, tukajaza mawe, tukaweka magunia ya mchanga, na treni zikaanza kupita hapo kwa mwendo wa harusi. Behewa tulilitoa baadaye kwa winchi, lina samaki ndani. Ofisini mkubwa wangu aliniuliza ni kwa kanuni gani mkaguzi anapora mali ya abiria. Nikamwambia awaulize abiria kama kuna aliyelalamika. Aliuliza kweli, na hakumpata.

Miaka ikapita. Walipoanza kupunguza watu kazini, genge likapungua, na kalavati za kupitishia maji chini ya reli zikaanza kuziba bila wa kuzizibua, mimi nilikuwa nimekwisha kujenga hapa Makutupora na kupanda mizabibu. Kwa jasho langu, andikeni hivyo. Nikatundika diploma kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Siku moja ya kiangazi, nimekaa namsubiri mke wangu apakue, nikasikia hodi. Akaingia mama mmoja mwenye kanga mbili, mvi zimechungulia, na nyuma yake binti wa makamo. "Nimeulizia stesheni nyumba ya Diploma," akasema. "Wamenileta mpaka mlangoni. Kumbe unajulikana."

Nikasimama kumwamkia. Aliitikia, akakaa, akanywa maji, akaniambia binti ndiye yule wa harusi, ana watoto, na sufuria lile mpaka leo linapikia misiba na sherehe za mtaa mzima, likiwa na mabonyeo yake. Mke wangu akaleta ugali na mlenda. Bi Kalunde akanawa, akala vizuri, akasifu. Kisha akainuka, akautazama ukuta, akanyoosha mkono, akatungua fremu kwenye msumari, akaifunika kwa kanga.

"Mama," nikasema. "Hiyo ni diploma yangu."

"Najua kusoma," akajibu. "Nifuate uikomboe."

Akatoka. Mke wangu alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. Mimi sikuwa nimemaliza kula. Niliweka tonge chini, nikatafuta viatu sikuviona, nikavaa malapa ya bafuni, nikamfuata. Nilimfuata barabarani, watu wa Makutupora wakiniamkia nami siitikii. Akapanda basi la mjini, nikapanda. Akashuka, nikashuka. Njiani alikuwa akiipiga fremu kwa kidole, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu ngoma. Stesheni akapanda treni ya Tabora, akakaa karibu na dirisha, akaiweka mapajani. Nikasimama chini ya dirisha na malapa yangu, mtu niliyesoma ng'ambo.

"Kiti chako kiko wapi?" akaniuliza.

"Sina tiketi."

"Basi njoo baadaye. Na uje kiangazi, masika nyinyi mnaangusha watu." Treni ikaanza kwenda. Nilitembea nayo mpaka jukwaa likaisha.

Nami huenda Tabora kila mwaka baada ya mavuno ya zabibu. Nabeba kikapu kikubwa, namwekea mbele. Anaonja moja, anatema mbegu, anaitazama fremu iliyotundikwa juu ya lile sufuria, anasema bado sijafikisha bei ya kuikomboa. Kisha wananipikia wali. Naondoka na asali, na msumari wangu nauacha kama ulivyo.